Kila Kifaa Kina Namba Yake: Kutafuta Draiva za Laptopu ya Zamani Baada ya Kupiga Windows

Mwalimu alifika mezani kwangu, Mwanga hapa Kigoma, saa nne asubuhi, ameshuka kwenye basi la kutoka Uvinza. Laptopu ameifunga kwenye kitenge, na kitenge amekitia kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaifungua mwenyewe na kuiwasha kabla hata hajakaa.

"Fundi, hii ilikuwa nzima. Nimeipeleka ikapigwe Windows kwa kuwa ilikuwa nzito. Imerudi hivi."

Hivi alivyosema vilikuwa vitu vitatu. Maandishi kwenye kioo yalikuwa makubwa kama ya ubao wa darasani na picha zote zimevutwa mapana. Wi-Fi haisomi kabisa, hata ile alama yake pembeni ya saa ilikuwa na msalaba mwekundu. Na matundu mawili ya USB hayasomi flashi. Aliyempigia Windows alimwambia kadi ya Wi-Fi imeungua na matundu yamekufa, kwa hiyo atafute hela ya kubadilisha vyote.

Nimeanza na mashine hii kwa sababu kisa chake nakiona karibu kila wiki, na kila mara kinaniuma. Vifaa vitatu visivyohusiana haviungui vyote ndani ya saa moja ya kupiga Windows. Kilichopotea ni draiva. Mtu anaambiwa anunue kadi, anajikusanya miezi miwili, anainunua, inafungwa, nayo haisomi, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa mbovu.

Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya Windows na kifaa kimoja mahususi. Ukishuka Kibirizi siku boti za Kongo zinapotia nanga utaelewa haraka. Mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ana mzigo, mzee wa Kiha ana fedha, lakini mmoja anajua Kifaransa na Kibembe, mwingine anajua Kiha na Kiswahili. Mzigo ni mzima, fedha ni halali, na biashara haifanyiki mpaka aje mkalimani anayezijua lugha za hao wawili. Siyo mkalimani yeyote. Anayejua Kirundi hatasaidia hapo. Windows ni huyo mzee: anajua kuomba "nipe mtandao", "onyesha picha", "toa sauti", kwa maneno yale yale kwa kila kompyuta duniani. Chipu ya Wi-Fi ina lugha yake, aliyoitunga aliyeitengeneza. Draiva ndiye mkalimani wa chipu hiyo, kwa toleo hilo la Windows, na nje ya hapo hana kazi.

Laptopu ikitoka kiwandani huja na wakalimani wake wote wameshapangwa. Siku unapoifuta diski na kuweka Windows mpya, unawafukuza wote. Windows mpya huja na wa kwake, lakini ni wale waliojulikana siku diski ile ya Windows ilipotengenezwa. Aliyopigiwa mwalimu ni Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009. Laptopu ya mwalimu ni HP EliteBook 8470p, mashine ya mwaka 2012. Windows ile haijawahi kukutana na chipu za miaka mitatu baadaye, na isingeweza kuzijua. Ndiyo maana matundu ya USB yalikuwa kimya: yalikuwa ya USB 3.0, ambayo Windows 7 haikuja na draiva yake. Matundu ya aina hiyo mara nyingi yana rangi ya bluu ndani au herufi SS pembeni. Flashi ile ile nilipoihamishia kwenye tundu la kawaida la mashine hiyo hiyo, ilisoma papo hapo. Mwalimu akanitazama, hakusema kitu.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, inajua vifaa vingi zaidi, na ukiipa intaneti huenda kujitafutia draiva yenyewe. Kwa mashine nyingi za mtumba zinazoingia hapa, za 2011 mpaka 2015, hiyo inamaliza nusu ya kazi au zaidi. Inayobaki ni ile nusu yenye kichwa kigumu, na humo ndimo watu wanapopotea.

Wanapotea kwa sababu wanauliza swali ambalo halina jibu kamili. Wanaandika Google: "draiva za HP EliteBook 8470p". Jina lililoandikwa kwenye mfuniko ni jina la nyumba tu, halikuambii nani anaishi ndani. Kampuni hutengeneza mashine ya jina moja na kuifunga kadi za Wi-Fi tofauti kulingana na soko na bei. Hiyo 8470p nyingine ina kadi ya Intel, nyingine ya Broadcom. Ongeza na safari ya mtumba: mashine imetumika ofisini Ulaya, imepita Dubai, imefunguliwa Dar es Salaam, kadi imehamishwa kutoka mashine nyingine. Ukifika Kigoma, huwezi kuapa kuhusu kilichomo ndani kwa kutazama nje.

Kifaa chenyewe hakidanganyi. Kila chipu iliyofungwa kwenye bodi imeandikiwa namba yake tangu kiwandani, na Windows huisoma hata kama haina draiva ya kuitumia. Hii namba ndiyo ningependa kila mwenye laptopu ya zamani ajue kuisoma, hata asiye fundi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Dirisha linalofunguka linaitwa Device Manager, nalo ni daftari la mahudhurio: kila kifaa kilichomo kimeitwa jina. Wenye alama ya mshangao ya njano ni wale waliohudhuria bila mkalimani. Kwenye mashine ya mwalimu walikuwa saba. Bofya mmoja mara mbili. Ukiona msimbo namba 28, maana yake draiva haijawekwa, basi. Nenda kwenye ukurasa wa Details, kwenye kile kisanduku cha kuchagua shuka mpaka Hardware Ids, na mistari kadhaa itatokea. Wa juu kabisa ndio mrefu na wenye habari nyingi. Wa mwalimu ulikuwa hivi, bila mkia wake ambao siuhitaji:

PCI\VEN_14E4&DEV_4359&SUBSYS_182C103C

Usiogope. Ukiukata vipande, unasomeka kama anwani. VEN ni aliyetengeneza chipu. 14E4 ni Broadcom, na ni Broadcom kila mahali duniani. DEV ni chipu yenyewe: 4359 ni BCM43228, chipu ya Wi-Fi. SUBSYS ni aliyeinunua chipu hiyo na kuifunga kwenye mashine yake, na tarakimu nne za mwisho ndizo jina lake: 103C ni HP. Kwa hiyo kabla sijagusa bisibisi nilishajua kwamba ndani mna kadi ya Broadcom iliyofungwa kwa ajili ya HP, na kwamba iko hai, kwa sababu kadi iliyoungua mara nyingi haijibu ikiitwa jina.

Nina daftari la kaunta ambalo kurasa zake za mwisho zimejaa namba hizi, na baada ya muda zinakaa kichwani. 8086 ni Intel, imetoka kwenye jina la prosesa yao ya mwaka 1978. 10EC ni Realtek, utaikuta kwenye sauti na mtandao wa waya. 168C ni Atheros, 1814 ni Ralink, 1002 ni AMD, 10DE ni NVIDIA. Upande wa waliofunga mashine, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1179 ni Toshiba, 1025 ni Acer, 1043 ni ASUS. Ukikuta laptopu ya Dell ambayo SUBSYS ya kadi yake ya Wi-Fi inaishia 103C, umejua kadi hiyo ilihamia kutoka kwenye HP. Vifaa vinavyopita kwenye njia ya USB, kama kamera na Bluetooth, namba zao huanza na USB, na badala ya VEN na DEV zina VID na PID. Usomaji ni ule ule.

Majina ambayo Windows huwapa wasio na draiva nayo yanatisha watu bure. "PCI Simple Communications Controller" mtu hudhani ni modemu imekufa. Kwenye mashine za Intel karibu kila mara ni sehemu ya usimamizi ya chipseti, yaani ile familia ya chipu inayounganisha prosesa na vingine vyote. Kwenye mashine ya mwalimu namba yake ilikuwa 8086 na 1E3A, ndiyo hiyo. "Base System Device" ilikuwa na 197B, ambayo ni JMicron, kisoma kadi za kumbukumbu. "Network Controller" ni Wi-Fi, "Ethernet Controller" ni tundu la waya wa mtandao.

Na "Unknown device", ile inayowakosesha watu usingizi zaidi, namba yake ilikuwa fupi: ACPI\HPQ0004. Ni kihisi cha mtikisiko. HP waliweka kidude kinachohisi laptopu ikidondoka ili kuisimamisha diski kabla haijagonga chini. Kwenye Dell utakuta SMO8800, kazi yake ni hiyo hiyo. Kama umeshabadilisha diski ukaweka SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani, kifaa hicho hata kikikosa draiva hupungukiwi na kitu. Nimeona kijana amekesha usiku mzima akitafuta draiva ya HPQ0004 huku mashine yake ikifanya kazi zote.

Kuna mmoja asiyekuwa na alama ya njano na bado hana draiva: picha. Windows ikikosa draiva ya kuonyesha picha haiachi kioo cheusi, hutumia ya dharura. Kwenye Windows 7 inaitwa Standard VGA Graphics Adapter, kwenye Windows 10 inaitwa Microsoft Basic Display Adapter. Ukiona moja ya majina hayo chini ya Display adapters, hapo ndipo yanapotoka maandishi makubwa, video inayokatakata, na mwanga wa kioo usiopungua wala kuongezeka. Watu hupita hapo bila kuona kwa sababu wanatafuta njano.

Sasa tatizo linalomkuta kila mtu: draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji draiva ya Wi-Fi. Simu ndiyo inayokata fundo hilo. Unganisha simu ya Android na laptopu kwa waya wake wa chaji, ingia kwenye mipangilio ya simu, mahali pa kugawa intaneti, chagua kugawa kwa USB. Windows huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, na kwa kawaida inayo draiva ya kazi hiyo tangu mwanzo. Hakikisha tu waya wako unapitisha data, maana nyaya nyingi za bei rahisi zina umeme peke yake. Na simu iliyoshika Wi-Fi ya ofisini au ya chuo inaweza kuipitisha Wi-Fi hiyo hiyo kwa waya, usiguse bando lako kabisa.

Lakini hapa nasisitiza, kwa kuwa nimeona bando la mwezi likiyeyuka kabla chai haijapoa. Windows 10 ikiona mtandao wa waya inadhani uko kwenye intaneti isiyo na kikomo. Huanza kushusha masasisho yake yote, na hayo huhesabiwa kwa gigabaiti. Kabla ya kuiacha, ingia Settings, Network, Ethernet, bofya mtandao huo, uwashe Metered connection. Kwa hatua hiyo umeiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Itatulia. Ukitaka ijitafutie draiva yenyewe, nenda Settings, Devices, utaona alama ya kuruhusu draiva zishushwe hata kwenye mtandao wa kulipia, ruhusu hiyo. Draiva ya Wi-Fi ni ya megabaiti chache. Ya picha ndiyo nzito, isubirishe mpaka upate mtandao wa bure.

Kwa Windows 7 njia ya kugawa mtandao inakwama mahali pengine: kivinjari kilichokuja nayo ni cha zamani mno, tovuti nyingi za leo hazikifungukii. Nilichofanya kwa mwalimu ni kushusha draiva kwenye simu yangu, kisha kuchomeka simu na kunakili faili kama mtu anayenakili picha.

Nilianzia kwa aliyeitengeneza mashine. Siku zote anzia hapo, kwa sababu draiva zake zimejaribiwa kwenye mashine hiyo hiyo. Utahitaji kitambulisho. Dell wana Service Tag ya herufi na tarakimu saba, ukiiingiza kwenye tovuti yao inakuletea mashine yako kama ilivyotoka kiwandani. Lenovo wana herufi na tarakimu nne za aina ya mashine, HP wana namba ya bidhaa na ya mashine. Stika ziko chini au zimejificha nyuma ya betri. Ya mwalimu ilikuwa imesuguliwa na miaka ya kuvutwa mezani, mpaka nilipotoa betri na kumulika tochi ya simu kwa pembeni ndipo tarakimu zikaonekana. Stika ikiwa imetoka kabisa, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike:

wmic bios get serialnumber

Namba itatokea yenyewe, kwa sababu imehifadhiwa ndani ya BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Mwenye Toshiba asishangae tovuti ikimpeleka Dynabook. Biashara ya laptopu ya Toshiba iliuzwa kwa Sharp mwaka 2018, na jina likabadilika mwaka uliofuata.

Kwenye ukurasa wa mashine chagua toleo la Windows na kama ni ya biti 32 au 64. Hapa hakuna maelewano: draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, wala kinyume chake. Bofya kulia kwenye Computer au This PC, chagua Properties, utaona yako ni ipi. Nilipofika kwenye orodha ya Wi-Fi nikakuta draiva zaidi ya moja, na mtu asiye na namba angezishusha zote kwa kubahatisha. Mimi nilichukua ya Broadcom nikaachana na nyingine.

Bidhaa zikizeeka, kampuni huondoa kurasa zake, au hukuonyesha Windows 7 peke yake wakati wewe una 10. Ikitokea hivyo kuna ghala ambalo watu wengi hawalijui: Microsoft Update Catalog, catalog.update.microsoft.com. Ni mahali Windows yenyewe inapochukulia draiva, na liko wazi kwa mtu yeyote, bure. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia kipande cha mwanzo cha namba yako, mpaka mwisho wa DEV, kwa mfano PCI\VEN_14E4&DEV_4359. Utapata orodha yenye tarehe na matoleo ya Windows. Chagua inayolingana na yako. Inashuka kama faili la CAB, na hapo wengi hukwama kwa sababu halifunguki kwa kulibofya kama programu. Tengeneza folda, tuseme D:\wifi, weka faili humo, fungua Command Prompt, ingia kwenye folda hiyo na uandike:

expand jina.cab -F:* D:\wifi

Humo yatatoka mafaili kadhaa. Linaloishia na SYS ndilo mkalimani mwenyewe. Linaloishia na CAT ni muhuri wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyelichezea. Linaloishia na INF ni barua ya utambulisho, na hilo ni maandishi ya kawaida. Lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta VEN na DEV zako. Zikiwemo, una draiva sahihi. Zisipokuwemo, usiiweke hata kama tovuti imeapa kwamba ni yenyewe. Jaribio hili linachukua nusu dakika, na ndilo ninalolitegemea kuliko maneno ya ukurasa wowote.

Kisha rudi Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye njano, chagua Update driver, halafu ile njia ya kutafuta kwenye kompyuta, uielekeze kwenye folda. Ukiwa na Windows 10 na folda imejaa draiva nyingi, amri moja inaziingiza zote kwa mkupuo. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Njia hiyo ya folda inasaidia pia pale kifungashio, yaani programu inayokuja na draiva ili kuiweka, kinapogoma kwa kusema Windows yako haihudumiwi. Mara nyingi anayekataa ni mlinzi wa mlangoni, siyo draiva yenyewe. Draiva nyingi za Windows 7 na 8 za biti 64 hufanya kazi kwenye Windows 10. Fungua kifungashio hicho kwa programu ya 7-Zip kama unavyofungua faili la ZIP, utoe INF na wenzake, uelekeze Device Manager humo. Vifungashio vya HP vyenyewe hujimwaga kwenye folda ya C:\SWSetup hata kabla ya kugoma, kwa hiyo chungulia hapo kwanza.

Kwa Windows 7 kuna kikwazo kingine: msimbo 52. Draiva imeingia, namba zinalingana, na bado Windows inakataa sahihi. Draiva za miaka ya karibuni zimetiwa sahihi kwa njia mpya iitwayo SHA-2, ambayo Windows 7 ya mwanzo haiijui mpaka iwekewe sasisho lake, KB3033929 au lile la baadaye KB4474419. Yote mawili yako kwenye ghala lile lile la Microsoft. Nilimweleza mwalimu wazi kwamba Windows 7 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mambo ya benki na nywila za kazini asiyaweke humo kama ana pengine pa kuyaweka. Alikuwa na programu ya matokeo ya wanafunzi iliyogoma kwingine. Uamuzi ukabaki kuwa wake.

Mpangilio wa kuziweka hauna siri kubwa: chipseti kwanza, kisha picha, mtandao, sauti, na vidogo vya mwisho. Izime na kuiwasha baada ya chipseti na baada ya picha.

Tovuti zinazokuja juu kabisa unapotafuta, zenye kitufe kikubwa cha kijani na programu inayodai mashine yako ina draiva 37 zilizochakaa, ziache. Nyingi zinakuletea matangazo, kivinjari kisicho chako, na mwisho zinaomba dola. Ukitaka kifurushi chenye kila kitu bila intaneti, ninachokiamini ni Snappy Driver Installer Origin, ambacho hakina matangazo. Kifurushi chake kizima ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo ni mzigo wa kushusha mara moja kwenye diski ya nje na kugawana mafundi watatu au wanne, siyo wa bando la mtu mmoja. Hata nacho, weka zile tu zenye alama ya njano. Kifaa kinachofanya kazi kisiguswe.

Na kuna hali ambazo draiva haihusiki. Kifaa kisipoonekana kabisa kwenye Device Manager, si kwa jina wala kwa njano, tafuta kwingine: kadi imelegea, imetolewa, au imezimwa ndani ya BIOS. Laptopu za HP zina kitufe cha Wi-Fi chenye taa. Ikiwa ya rangi ya chungwa, imezimwa tu. Ukitaka uhakika, washa mashine kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kuiweka kwenye diski. Linux hubeba draiva nyingi ndani yake, na amri ya lspci -nn itakuonyesha namba zile zile za vifaa. Broadcom hata huko inaweza kudai faili la ziada, lakini namba ikionekana, kadi ipo.

Ninajua wapo wanaosema mashine ya 2012 itupwe. Mji huu una meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku mpaka Kigoma, ikaunganishwa, ikazamishwa 1916, ikaja kuinuliwa kutoka majini na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Imebeba watu vizazi na vizazi kwa sababu walikuwepo waliojua kila kipande kinakaa wapi. Laptopu yenye prosesa nzima, kibodi nzima na kioo kizima ina miaka ya kazi mbele yake kwa mwalimu anayeandaa mitihani.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kazi yote niliyoieleza huepukika kwa dakika kumi kabla ya kufuta. Kwenye Windows 8.1 au 10 inayofanya kazi, tengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, kisha andika amri hii, ukibadilisha D kwa herufi ya flashi yako:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine hiyo zitanakiliwa, kila moja kwenye folda yake. Windows 7 haina amri hiyo, lakini unaweza kunakili folda nzima ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Kama Windows imeshapigwa bila kufomati diski, angalia haraka kama kuna folda ya Windows.old, maana ndani yake mna FileRepository ya zamani pamoja na draiva zako zote. Iwahi, kwa sababu Windows huja kuifuta.

Ya mwalimu ilikuwa imefomatiwa, hakukuwa na cha kuokota. Wi-Fi ilisoma saa sita kasorobo. Tulianza nayo, japo nje ya mpangilio nilioutaja, ikafuata chipseti, ikafuata ya USB 3.0, na nilipomaliza ya picha kioo kilizima sekunde mbili kikarudi na maandishi yamekaa sawa. Alichomeka flashi yake kwenye yale matundu mawili yaliyokufa, moja baada ya jingine, akasikiliza ule mlio, akaichomoa, akaichomeka tena. HPQ0004 niliiweka mwisho kwa kuwa diski yake bado ni ile inayozunguka, na njia ya Uvinza ina mashimo. Draiva zote nikazikusanya kwenye folda moja, nikazinakili kwenye flashi yake, na kwenye kipande cha plasta juu ya flashi nikaandika kwa kalamu: 8470p, biti 64, Broadcom 4359. Akaifunga laptopu kwenye kitenge, akauliza basi la saa nane linapitia wapi.